Kushuka kwa Nusu Kidonge

Sifa zilianza kumiminika nikiwa mgonjwa kuliko nilivyowahi kuwa. "Umenawiri, mama!" "Naona mambo yamekunyookea." Mashavu yalikuwa yamejaa, uso umekuwa wa duara, na wateja waliokuja kupimwa nguo walidhani nimepata hela. Kumbe ilikuwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayoshusha kinga ya mwili: vidonge 8 vya miligramu 5, vyote kwa mara moja, kila asubuhi baada ya kula.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Tanga. Ugonjwa wangu madaktari wanauita kolaitisi ya vidonda. Kinga ya mwili inaushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana, unavimba, unachubuka, unatoa damu na ute. Hakuna mdudu wa kuua, na hilo ndilo lililochelewesha kila kitu, maana huku kwetu mtu akiharisha damu jibu la kwanza ni amiba, na jibu la pili ni amiba sugu. Nilimeza metronidazoli, dawa ya amiba, mpaka kila nilichoweka mdomoni kikawa na ladha ya chuma. Kituo kimoja kiliongeza antibiotiki ya siprofloksasini juu yake, kingine kikanipa dawa ya minyoo na kuniambia nipunguze pilipili. Siwalaumu sana. Amiba wapo kweli, taifodi ipo, na kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo hakipatikani kila wilaya. Ila nilipofika Dar es Salaam, baada ya kilomita kama 350 za basi nikiomba dereva asimame kila penye choo, daktari bingwa wa tumbo alipekua makaratasi yangu yote kisha akauliza, "Hivi katika wote hawa, kuna aliyemwona huyo amiba kwenye darubini?" Hakuna aliyemwona. Kamera ikaingizwa, vinyama vikakatwa kupelekwa maabara, na ugonjwa ukapata jina.

Kabla ya kidonge cha kwanza nilipigwa picha ya kifua kuangalia TB, nikapimwa VVU na homa ya ini B, halafu nikapewa ivermectini, dawa ya minyoo. Niliona ni mlolongo wa kupoteza muda, na damu ilikuwa inanitoka. Daktari alinieleza kuhusu mnyoo mmoja mdogo, strongiloidesi, anayeingia kupitia ngozi ya miguu na kuweza kukaa tumboni miaka na miaka bila mtu kujua. Steroidi ikishusha kinga, mnyoo huyo huzaliana ovyo na kusambaa mpaka kwenye mapafu. TB iliyolala nayo inaweza kuamka kwa njia hiyohiyo. Yeyote aliyekulia kutembea peku shambani, na akaambiwa aanze dozi kubwa ya steroidi, aulize kuhusu mnyoo huyu kabla ya kumeza.

Dawa ilifanya kazi upesi kiasi cha kutisha. Wiki haikuisha, damu ikapungua. Baadaye kidogo nikalala usiku kucha bila kukimbilia chooni. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba kotisoni, steroidi ya wakati huo, inatuliza shambulio kali la ugonjwa huu, ambalo kabla ya hapo liliua wengi. Nami nikiwa kitandani nilielewa kwa nini watu waliishangilia. Daktari hakuniacha nishangilie muda mrefu. Alisema steroidi inatuliza shambulio, lakini haizuii lisirudi. Kwa kuzuia alinianzishia sulfasalazini, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, pamoja na asidi ya foliki kwa sababu sulfasalazini huupunguzia mwili uwezo wa kuifyonza. Prednisoloni, akasema, siku tunayoianza ndiyo siku tunayopanga kuiacha.

Ratiba aliiandika kwa mkono nyuma ya karatasi ya rufaa. Kutoka 40 tushuke miligramu 5 kila wiki mpaka 20. Kuanzia hapo miligramu 2.5 kila wiki, yaani nusu kidonge. Na tukifika chini ya 10, tutaongea upya. Nikamuuliza kwa nini mwanzo tunashuka haraka na mwisho tunatambaa, maana mimi niliona kinyume chake kingekuwa na mantiki: dozi ikishakuwa ndogo, si uiache tu?

Akanieleza habari za tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Hizo ndizo zinazotengeneza kotizoli, steroidi ya mwili wenyewe, na kwa siku kiasi chake ni sawa na takriban miligramu 5 hivi za prednisoloni, pengine zaidi kidogo. Ukimeza 40 kwa wiki kadhaa, tezi zinaacha kazi. "Ni kama mfanyakazi uliyemwambia akae nyumbani kwa sababu umeleta mwingine anayefanya kazi yote," alisema. "Ukimfukuza huyo wa pili ghafla, yule wa kwanza hana habari kwamba anahitajika." Kutoka 40 kwenda 20 bado mwili una ziada. Pale unapokaribia 5 ndipo unapoiomba tezi iamke, na tezi haiamshwi kwa pupa. Mtu akiacha ghafla anaweza kuzimia, presha ikashuka, akafa huku ndugu wakidhani ni malaria.

Maelezo hayo niliyashika. Upande wa chakula ndiko kulikokuwa na vurugu.

Kila mtu ana lake la kukwambia juu ya tumbo. Acha ngano. Acha nyama. Acha sukari, acha maziwa, acha vyote vilivyopikwa, kula vibichi tu. Mwingine akaniambia nile vilivyopikwa tu. Shangazi yangu wa Pangani alituma chupa ya shubiri iliyochanganywa na manjano na habasoda, na maelekezo ya kunywa kijiko asubuhi na jioni. Shubiri ni dawa ya kuendesha tumbo! Kumpa mtu anayeharisha damu ni kumwongezea msiba. Nikamshukuru shangazi, nikaiweka chupa kabatini, na alipopiga simu kuulizia nikamwambia daktari amenikataza kuchanganya dawa. Ni kweli alinikataza. Alinionya hasa kuhusu dawa za chupa zisizo na maandishi, kwa kuwa imewahi kugundulika sehemu mbalimbali duniani kwamba baadhi ya dawa ziitwazo za asili zimechanganywa na deksamethasoni kimyakimya. Unadhani mitishamba imekuponya, kumbe umeongezewa steroidi juu ya steroidi.

Mtaalamu wa lishe niliyepelekwa kwake alikuwa mwanamke wa maneno machache, na sentensi yake ya kwanza ilinichangamsha: hakuna chakula kinachojulikana kuuponya ugonjwa huu. Kuna chakula kinachousumbua utumbo ukiwa na vidonda, kuna chakula kinachokusaidia kuzivumilia hizi dawa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Akagawa karatasi katikati kwa mstari.

Upande wa kwanza ulikuwa wa utumbo uliochubuka. Hapo mafundisho yote ya lishe bora niliyokuwa nayasikia redioni yaligeuzwa. Sembe badala ya dona. Wali mweupe. Mkate mweupe. Ndizi mbivu, viazi vya kuponda, boga lililomenywa, samaki wa kuchemsha, mayai, kuku bila ngozi, mtori. Kisamvu, mchicha, mahindi ya kuchoma, maharage, kunde, karanga, vyote vikae pembeni kwa sasa. Machungwa ya Muheza, ambayo mtu wa Tanga akikatazwa anahisi amefukuzwa mkoani, yakamuliwe na kuchujwa. Hapa sio kwamba nyuzinyuzi ni mbaya. Utumbo wenye vidonda hauwezi kuzimudu, na vikishapona zinarudi, tena inatakiwa zirudi. Alilisisitiza hilo la kurudi kuliko yote, kwa sababu alishaona watu waliokonda na kuishiwa damu baada ya kukaa mwaka mzima kwenye wali na chai wakiogopa mchicha.

Upande wa pili ulikuwa wa prednisoloni. Hapo ndipo nilipopata taabu.

Njaa ya steroidi haifanani na njaa nyingine. Haiulizi kama umeshiba. Nilikuwa nakula chakula cha mchana, nafuta meza, nasikia harufu ya mihogo ya kukaanga ya jirani na machozi yananilengalenga. Usingizi nao ulikimbia, hata nilipokuwa nameza vidonge mapema asubuhi kama nilivyoelekezwa. Saa nane usiku niko macho, nashona. Sare za shule za wateja wa Januari zilikuwa zimekunjwa tayari kabla Desemba haijaisha, jambo ambalo halijatokea tena. Na ukiwa macho usiku wa manane una njaa ya namna hiyo, chungu cha wali kiko hatua chache tu.

Sisi kwetu tunakula sinia moja. Mavyaa wangu anapika, sinia linawekwa mkekani, mikono yote inaingia. Ni jambo zuri, lakini mtu mwenye njaa ya prednisoloni hawezi kujua kwenye sinia amekula kiasi gani, na wengine hawawezi kumwambia acha. Nikaomba nipakuliwe sahani yangu. Mavyaa alinyamaza siku hiyo yote. Kesho yake akamwambia mume wangu, mimi nikiwa nasikia, "Mwanangu huyu ameona mikono yetu michafu?" Mume wangu akajaribu kumweleza habari za sukari na dozi, akazidi kuharibu. Mwishowe nilikaa naye jikoni mwenyewe, nikamwonyesha miguu yangu ilivyovimba, nikabonyeza kidole juu ya kifundo shimo likabaki. "Mama, ni chumvi na dawa. Nisaidie." Akaangalia lile shimo mpaka likajaa. "Basi utakula sinia kama wenzio," alisema, "lakini upande wako nitaukata mimi, na ukimaliza umemaliza." Toka siku hiyo hakuna daktari aliyenisimamia kama yeye. Nikinyoosha mkono nje ya mpaka wangu, anaupiga na mwiko.

Ng'onda ikatoka nyumbani, na achari, na zile pakiti za viungo zilizojaa chumvi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu kilichopikwa vizuri vikachukua nafasi. Nazi haikunisumbua ikiwa nyepesi. Tui zito lilinipeleka chooni. Bada ya muhogo na mchuzi wa samaki ilinikaa vizuri kuliko nilivyotegemea, ila sahani ndogo, kwa sababu ya sukari.

Kuhusu sukari nina neno, kwa maana hapa nusura tupitwe. Kituo nilikokuwa napimwa kilikuwa kinapima asubuhi kabla ya kula, na kila mara majibu yalikuwa mazuri, 5 na pointi. Lakini nilikuwa na kiu ya ajabu jioni na nakojoa mno. Mtaalamu wa lishe ndiye aliyeuliza, "Unapima saa ngapi?" Prednisoloni inayomezwa asubuhi hupandisha sukari zaidi mchana na jioni, usiku inashuka, na asubuhi unaonekana mzima. Tukapima saa kumi jioni: 12.4. Soda ilikoma hapohapo, chai ikawa bila sukari, wali wa mchana ukapungua nusu na samaki akaongezeka. Dozi iliposhuka, sukari nayo ikashuka. Wengine haishuki, wanabaki na kisukari, kwa hiyo ningependa kila anayepimwa asubuhi tu akiwa kwenye dawa hizi aombe kupimwa na jioni.

Mifupa pia. Steroidi hupunguza madini ya chokaa yanayofyonzwa kwenye utumbo na kuyafanya mengine yapotee kwenye mkojo, tena huanza kuudhoofisha mfupa mapema kuliko watu wanavyodhani. Nilipewa vidonge vya kalsiamu na vitamini D, lakini mavyaa alikuwa na lake: dagaa mchele, wale wadogo wanaoliwa na mifupa yao, aliwakausha, akawatwanga, akawachekecha, akawa anaweka unga wake kwenye mchuzi. Maziwa nitayasimulia mbele. Na mapaja yaliisha nguvu; kuinuka kwenye stuli ya cherehani bila kushika meza lilikuwa jambo la kupanga. Kwa hilo niliambiwa nile mayai na samaki wa kutosha na nitembee kila siku, hata nikichoka.

Kushuka kutoka 40 mpaka 20 kulienda kama kwenye karatasi. Uso ukaanza kunywea, nikaanza kulala. Watu wakaanza kuuliza kama ninaumwa.

Chini ya 20 nikajifunza kukata kidonge kwa wembe. Vidonge vya miligramu 1 sikuvipata famasi yoyote ya kwetu, kwa hiyo ilikuwa nusu ya 5 au hakuna. Vingine vina mstari katikati, vingine havina na vinapasuka unga. Nilikata vya wiki nzima mchana kweupe, siyo asubuhi nikiwa na usingizi, nikavipanga kwenye kikopo cha vifungo.

Kipindi hicho ndipo sheria yangu kuu ilipopatikana, na sikuipata kwa daktari. Ilitokana na ugomvi. Wiki niliyoshuka kutoka 12.5 kwenda 10, mavyaa kwa furaha kwamba naendelea vizuri akapika choroko, shangazi wa Pangani akaja kunitembelea na chupa nyingine, na jirani akaleta maziwa freshi ya ng'ombe wake. Nilikula choroko, nikanywa maziwa, shangazi nikamkatalia. Siku ya pili tumbo likajaa gesi na kunisokota. Wote wakaanza kesi. Shangazi akasema ni kwa kuwa nimekataa shubiri. Mume wangu akasema ni dozi, turudi 15. Mavyaa akasema ni maziwa. Mimi nikagundua kwamba hakuna hata mmoja kati yetu, mimi nikiwemo, anayeweza kujua, kwa sababu vitu vitatu vimebadilika kwa pamoja. Basi tukaandikiana mkataba jikoni: wiki ya kushusha dozi, chakula hakibadiliki hata kwa punje. Chakula kipya kinaingia wiki ambayo dozi imetulia, tena kimoja, kidogo, na kinarudiwa siku mbili tatu kabla ya kuhukumiwa.

Tukafungua daftari la hesabu za nguo kurasa za nyuma. Dozi. Mara ngapi chooni. Damu ipo au haipo. Nimeamka usiku kwenda chooni au sikuamka. Nimekula nini kipya. Viungo vinauma au haviumi. Mtoto wangu wa darasa la tano ndiye aliyekuwa anachora mistari, na alikuwa anauliza maswali yake kwa sauti mbele ya wageni.

Daftari hilo lilitenganisha mambo niliyokuwa nayachanganya. Maziwa freshi yalinipa gesi na kunguruma kila mara, lakini hayakuleta damu hata siku moja. Mtindi haukunipa chochote. Ilikuwa sukari ya maziwa inayonishinda, wala haikuwa ugonjwa. Pilipili ilinichoma wakati wa kutoka, basi. Maharage yalihitaji kulowekwa usiku kucha na kumwagwa maji, na tukaanza na choroko zilizokobolewa. Yaani chakula kilikuwa kinabadilisha namna tumbo langu linavyonguruma. Vidonda vilikuwa na ratiba yao. Hilo lilikuja kuthibitika upande wa pili pia: kuna kipindi nilijisikia safi kabisa, chakula kimenyooka, choo kimenyooka, nikataka kuruka hatua. Daktari akaagiza kipimo cha kalprotektini kwenye choo, kinachopima mchochota wa utumbo, na majibu yakarudi yako juu. Hatukushusha. Akaongeza sulfasalazini, tukasubiri, tukapima tena, ndipo tukaendelea. Ningefuata hisia zangu ningekuwa nimerudi mwanzo.

Nilipofika 10, na zaidi nilipofika 7.5, mwili ulianza kulalamika kwa lugha mpya. Viungo vyote vinauma, mabega hayainuki, kichefuchefu asubuhi, kizunguzungu nikisimama, uchovu wa mtu aliyelima. Nikaamini ugonjwa umerudi kwa sura nyingine. Muuza duka la dawa akanitolea diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla sijamaliza kueleza. Nilikuwa nimeonywa: dawa za jamii hiyo pamoja na prednisoloni zinaongeza hatari ya vidonda vya tumbo na kutoka damu, tena zinaweza kuichokoza kolaitisi yenyewe. Nikachukua panadoli, nikapiga simu Dar. Daktari hakuuliza viungo kwanza. "Daftari linasemaje? Choo?" Kilekile. "Damu?" Hakuna. "Usiku?" Nalala. "Basi huo si utumbo. Ni mwili unadai steroidi yake." Tukabaki 7.5 kwa muda mrefu kuliko ratiba, kisha 5, na kutoka 5 tukaanza kupishanisha: leo kidonge kizima, kesho nusu. Hatua hizo za mwisho zilichukua muda kuliko zote za kwanza zikijumlishwa, na kwa mtu aliyezoea kuona namba zikianguka kila wiki, uvumilivu wake ni wa kulazimishwa.

Ramadhani ilinikuta hapo. Nilidhani nitameza daku na kufunga, maana dawa ni mara moja tu kwa siku. Daktari akakataa: tezi bado hazijaamka, maji kidogo, joto la Tanga, kizunguzungu tayari ninacho. Sina shaka kwamba mgonjwa ana ruhusa, Surat Al-Baqara imelisema waziwazi kwamba ahesabu siku nyingine. Lakini kujua ruhusa ni jambo moja na kula mchana katika nyumba iliyofunga ni jambo lingine. Nilikula chumbani, mlango umerudishwa. Wageni wa futari waliponiona nashika kikombe kabla ya adhana kimya kikapita, na mavyaa ndiye aliyekikata: "Huyu ana udhuru, mpeni na tende." Futari yenyewe ilikuwa mtihani, mihogo ya nazi, kachori, tambi za sukari, maharage, vyote mkekani kwa pamoja. Sheria ya kimoja kimoja ilinisaidia kukataa bila kumchukiza mtu: "Wiki hii si zamu ya maharage." Wakacheka, lakini wakazoea, na wengine wakawa wanauliza wiki hii ni zamu ya nini.

Kisha ikaja malaria. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba ukipata homa kali, mwili wenye afya wenyewe hupandisha kotizoli mara kadhaa, na wangu hauwezi. Kwa hiyo homa ikija niongeze dozi mara mbili mpaka ipoe, na nikitapika vidonge niende hospitali nikachomwe haidrokotisoni, steroidi ya sindano, bila kusubiri. Maneno hayo daktari aliyaandika kwenye kadi niliyokuwa natembea nayo kwenye pochi. Nilitapika kila kitu alfajiri. Kituo cha kwanza tulichofika kilipima malaria, kikapata, kikataka kunichoma sindano ya malaria na kunirudisha nyumbani. Mume wangu akatoa kadi. Nesi akaisoma, akasema hayo ni mambo ya wataalamu. Mume wangu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akibishana hata na konda, aligoma kuondoka mpaka mganga akaamshwa. Mganga alipima presha, 80 kwa 50, hakuuliza zaidi. Haidrokotisoni na dripu vilikuja kwa haraka. Jua lilipopanda nilikuwa nimekaa naongea. Kadi ile sasa ziko mbili, na moja anayo yeye.

Nilipoiacha kabisa prednisoloni hakukuwa na sherehe, kwa sababu kotizoli ya asubuhi ilipimwa mara kadhaa mpaka ikapanda, na hata hapo niliambiwa tezi zinaweza kuchukua mwaka kurudi sawasawa. Nikifanyiwa upasuaji au kung'olewa jino kwa kazi kubwa, kadi inatangulia.

Sasa nakula dona. Mchicha umerudi, kisamvu kimerudi kikiwa kimetwangwa laini, machungwa ya Muheza naya­menya mwenyewe. Mahindi ya kuchoma bado siyathubutu. Mtindi kila siku. Sulfasalazini naendelea nayo, na damu inapimwa kwa vipindi kuangalia ini na chembe nyeupe. Daktari ameshaniambia wazi kwamba shambulio likirudi karibuni na nikahitaji steroidi tena, hatatoa duru nyingine ya prednisoloni peke yake. Atanianzishia azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, ambayo inachukua miezi kadhaa kufanya kazi na inahitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Nimeshaulizia bei yake Tanga na Dar es Salaam, na bima nimewauliza kama wanailipia.